Shimo la Limi

Kila asubuhi Klara alichota maji kisimani, akafagia uwanja, kisha akafukia shimo la mdogo wake. Limi alikuwa na miaka sita, na tangu baba yao aangukiwe na mwamba mgodini, upande wa Geita, hakuwa ametamka neno. Kazi yake ilikuwa kuchimba nyuma ya nyumba, kumtumbukiza mtu wa udongo, kumfukia, kumfukua, na kumfukia tena.

Mwaka ule wa 1951 mgodi haukukaa matanga. Bwana mkubwa alisema mashine hazisimami kwa ajili ya mtu mmoja, na kesho yake zikanguruma juu ya baba wa watu. Maiti haikutolewa. Anayetaka kusahau asahau yeye.

Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mtoto anawachimbia watu wa nyumbani kaburi. Mama akaogopa, akaagiza mchezo ukomeshwe. Basi Klara akamkanyaga yule mtu wa udongo, Limi akiona. Limi hakulia. Alikwenda kujikunja ukutani, na tangu hapo akakataa hata uji. Akawa anayeyuka kama mshumaa.

Ndipo Shangazi Bernadina, dada yake baba, alipofika kutoka Runzewe. Klara akamwamkia, akamsimulia yote, akitegemea kusifiwa. Shangazi hakumsifu. Aliketi mavumbini, akakanda udongo, akamwita Limi amfinyangie mtu wake. Mtoto akasita, akafinyanga, akafukia.

"Huyu amelala peke yake?" Shangazi akauliza.

"Wamemwacha," Limi akasema, sauti ikikwaruza kama mlango uliofungwa siku nyingi.

"Sisi hatumwachi. Klara, umesimama kama nguzo ya zizi? Njoo uchimbe."

Wakafukua kwa vidole. Wakamviringisha katika kipande cha kanga, wakamchimbia mahali pazuri, Shangazi akiimba chinichini kwa Kisukuma. Mama alitoka jikoni akiwa tayari kugomba. Alipoona, akapiga magoti akashika udongo. Hapo Limi akalia, kilio kirefu, na kilipokwisha akaomba uji.

"Nilidhani ni mchezo tu, Shangazi," Klara akasema.

"Ni mchezo, ndiyo. Sisi wakubwa tukifiwa tunakaa tunasimulia mpaka moyo upoe. Mtoto maneno hayamtoshi; husimulia kwa mikono. Ukimvunjia mchezo wake umemziba mdomo. Na wanaotuziba midomo wapo tele, mwanangu. Tusiwasaidie kazi."