Sabuni kwenye Mkanda wa Babu Amarjit

Kila Jumamosi asubuhi, wapangaji wa jengo moja la ghorofa huko Parklands waliokuwa na magari makuukuu waliyaleta chini ya dirisha la Mama Joyline. Alifundisha umekanika katika chuo kimoja katikati ya jiji, na hakuwa na maneno mengi. “Washa,” alisema tu. Kisha aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini nyuma ya sikio, akasikiliza. Bintiye, Joyline, mwenye miaka kumi na miwili, alifanya vivyo hivyo baada yake. Kufikia mwaka huo wa 2004, alikuwa ametambua kasoro mbili kabla mama yake hajafungua mdomo.

Gari lao wenyewe lilipiga kelele kuliko yote. Bamba la ekzosi lilikuwa limelegea.

“Halitaua mtu,” Mama alisema. “Nitalifunga nikipata nafasi.”

Hardeep, jirani wa ghorofa ya pili, alisoma darasa moja na Joyline. Siku moja gari la Mama lilipomleta Joyline shuleni, alitikisa mkebe wake wa hesabu mbele ya wanafunzi wote. “Tulieni! Mabati yamefika!” Walicheka hadi wakashika mbavu. Tangu siku hiyo ikawa, “Sasa, Mabati?” asubuhi na “Kesho basi, Mabati!” jioni. Hata Charmi, rafiki yake Joyline, alisema hivyo mara moja.

Joyline hakulia wala hakumwambia mtu. Aliweka moyoni, akangoja.

Alhamisi moja alasiri, babu yake Hardeep, Mzee Amarjit, alisimamisha gari lake la kijani likilia kwa sauti nyembamba.

“Joyline, binti yangu, mama yupo?”

“Bado yuko kazini, Babu.”

“Basi njoo wewe. Masikio yako ni hodari.”

Joyline alileta bisibisi. Mkanda wa injini ulikuwa ukilia. Lakini alipogusa pampu ya maji, alisikia sauti nyingine chini yake, ya kusaga, kama mawe ndani ya kinu cha posho. Beringi ilikuwa imekwisha. Ikivunjika, maji hayatazunguka, na injini itachemka.

Alifungua mdomo aseme. Juu kwenye roshani, Hardeep alitikisa mkebe wake. “Fundi Mabati!”

Joyline akafunga mdomo. Jumamosi Mzee Amarjit angempeleka Hardeep Lavington kwenye mashindano ya hoki. Akilini alimwona Hardeep tayari, amesimama kando ya barabara na sare yake nyeupe, wanafunzi wote wakipita na kumchungulia. Picha hiyo ilikuwa tamu.

“Ni mkanda tu, Babu,” alisema. “Upake sabuni ya mche.”

Mzee alipaka sabuni na mlio ukanyamaza. Alifurahi sana, na jioni akamletea sahani ya jalebi za moto, vile vitamu vinavyodondoka shira. Joyline alizila zote.

Jumamosi, kabla ya saa tatu, simu ya Mama ililia. Gari la Mzee Amarjit lilikuwa limekwama barabarani, karibu na Spring Valley. Mama alipofika garini na vifaa vyake, Joyline alikuwa amekwisha kuketi ndani.

“Mbona una haraka hivyo?”

“Nataka kusaidia.”

Alitaka kuona.

Walikuta boneti iko wazi na mvuke ukifuka. Hardeep alikuwepo, lakini hakuvaa sare ya hoki. Kwenye kiti cha nyuma aliketi bibi yake, Bibi Gurmeet, ameshika barua ya hospitali kwa mikono miwili.

“Jana jioni hospitali ya macho ilipiga simu,” Mzee Amarjit alieleza. “Mgonjwa mmoja ameahirisha, wakampa Bibi nafasi yake ya upasuaji. Saa nne kamili. Ameingoja miezi minane. Tukichelewa, wataita mwingine.”

Mama alishika puli ya pampu kwa kitambaa. Ilicheza kama jino bovu. “Hii imekuwa ikisaga kwa siku nyingi, Mzee. Hamkusikia?”

“Tulisikia mkanda. Tukapaka sabuni.”

“Nani alikuambia upake sabuni?”

Mzee alitazama chini. “Mtoto alijaribu, Mama Joyline. Hata fundi mkubwa hukosea.”

Joyline angeweza kunyamaza hapo na yote yangeisha. Lakini Hardeep alicheka kwa uchungu.

“Mtaalamu wa sabuni! Babu, si nilikuambia? Huyu hajui kitu. Anashika bisibisi kama simu!”

“Najua!” Joyline alipaza sauti. “Niliisikia beringi tangu Alhamisi! Nilijua itavunjika njiani. Nilitaka uaibike wewe!”

Bibi Gurmeet aligeuza macho yake yenye ukungu huku na huko, akitafuta sauti ilikotoka.

Mama hakupiga kelele. Alitazama saa yake. “Bibi, Hardeep, ingieni gari langu. Joyline, utakaa hapa na Mzee mpaka nirudi.”

Gari liliondoka likigongagonga. Joyline na Mzee Amarjit waliketi kando ya gari karibu saa nzima. Mzee alisema neno moja tu: “Nilikuletea jalebi.”

Bibi Gurmeet alifika kwa wakati na akapasuliwa jicho salama. Jioni Joyline alimweleza mama yake habari za mkebe na jina la Mabati, kisha wakapanda ghorofa ya pili. Joyline aliomba msamaha mbele ya wote. Mzee Amarjit, aliposikia habari za mkebe, alimtazama mjukuu wake mpaka naye akasema, “Samahani, Joyline.”

“Bado inaniuma,” Joyline alijibu.

“Najua,” Hardeep alisema.

Jumapili, gari la kijani likiwa limevutwa hadi nyumbani, Mama alisimama kando huku Joyline akifunga pampu mpya na mkanda mpya. Vidole vyake vilichubuka. Injini ilipowashwa, alisikiliza kwa makini. “Iko sawa, Babu.”

Mzee alisita. “Mama Joyline, hebu sikiliza na wewe.”

Joyline aliumia kuliko siku zote za mkebe. Mzee alipokwisha kuondoka, Mama alimgeukia.

“Umeona? Hardeep alikukosea, na hasira yako ilikuwa na sababu. Ulikuwa na mdomo wa kumwambia. Ulikuwa na mwalimu, na ulikuwa na mimi. Lakini mtu akikuuliza gari lake lina nini, anakukabidhi kila atakayepanda ndani. Ukimdanganya hapo, huchagui atakayeumia. Ulimtegea Hardeep, ukamnasa Bibi.”

“Babu ataniamini lini tena?”

“Sijui. Mwambie kweli kila atakapokuuliza, na usinung’unike akiniuliza mimi baada yako. Sasa kanawe mikono, chakula kinapoa.”