Mkono wa Mboni

Uweso alifanya kazi kwenye korona, mashine ya kukwangua mkonge, katika shamba moja nje ya mji wa Tanga. Jioni alirudi nyumbani Makorora, nguo zikinuka maji ya mkonge. Mkewe, Mwanasiti, alimtengea maji ya kuoga. Mama yake, Bi Mwamvua, alikaa uani akikuna nazi na kugombana na kuku. Katika chumba cha mwisho cha nyumba ile alipanga Dorkasi, Msambaa wa Lushoto, mkunga katika hospitali ya serikali.

Mwaka ule, 1954, Mwanasiti alikuwa na mimba yake ya kwanza.

"Mwenzangu, njoo uzalie hospitali," Dorkasi alimwambia. "Mimba ya kwanza ina mambo yake. Kule wakunga tupo, na daktari yuko karibu."

Bi Mwamvua aliacha kukuna nazi. "Na huko mjukuu wangu ataadhiniwa na nani? Hapa tunaye Idarusi."

Idarusi alikuwa dresa. Zamani alifunga vidonda na kuosha vyombo hospitalini, na sasa alikuwa na kizahanati chake mtaani. Alitibu watu bila kuwabana kwa malipo, alizika nao, alisoma maulidi nao. Kabatini mwake mlikuwa na koleo la kuzalishia, chuma chenye mikono miwili cha kumshika mtoto kichwani. Watu walilisifu kana kwamba mtaa mzima umelinunua. Hakuna aliyemwuliza alijifunza wapi kulitumia. Wamwulize ya nini, na ni mwenzao?

Uchungu ulimshika Mwanasiti alfajiri, Dorkasi akiwa kazini. Mpaka adhuhuri mtoto alikuwa hajatoka. Idarusi akaitwa. Njia ilikuwa haijafunguka sawasawa, na kichwa cha mtoto kilikuwa bado juu. Idarusi hakujua kupima mambo hayo. Alitia koleo, akavuta. Akavuta tena kwa nguvu. Mwanasiti akazimia.

Mtoto wa kike alitoka, akalia. Idarusi akamwadhinia. Lakini shavuni palikuwa na alama nyeusi ya chuma, mdomo ulikwenda upande alipolia, na mkono wa kulia ulilala tu ubavuni.

"Mkono umechoka," alisema Idarusi. "Utaamka."

Mtoto akaitwa Mboni.

Kwa desturi yao, mzazi na mtoto hukaa ndani mpaka arobaini itimie. Dorkasi alileta uji, akaomba kumwona mtoto. Alimkuta amefungwa kanga kuanzia shingoni mpaka miguuni.

"Tunamkinga na jicho, mwanangu," alisema Bi Mwamvua. "Utamwona akitolewa nje."

Kila asubuhi Bi Mwamvua alimkanda Mboni kwa mafuta ya nazi. Aliuvuta ule mkono ili uamke, kisha akaufunga tena. Mdomo wa mtoto uliponyooka wenyewe, alifurahi sana. "Mnaona? Na mkono utafuata." Alimpenda mjukuu wake kupita kiasi, na kwa mapenzi hayo alimzidishia maumivu. Mwanasiti alilia akimnyonyesha. Mkunga alikuwa ng'ambo ya ua tu, lakini hakumwita. Aliona haya.

Siku ya arobaini walipika pilau, watu wakaja. Idarusi naye alikuja. Aliutazama mkono wa mtoto, machozi yakamtoka.

"Nimekosa," alisema mbele ya wote. "Niwieni radhi."

Uweso aliinuka, akampa mkono. "Tumekuwia radhi. Hatuna neno nawe." Wakasoma Fatiha. Na pale kwao, jambo likishasomewa Fatiha halitajwi tena. Anayelitaja huonekana mtu wa fitina.

Jioni ile, watu walipokwisha kuondoka, Dorkasi alimpakata Mboni. Aliuinua mkono taratibu. Bega lilikuwa limekaza, na kiganja kimegeukia nyuma.

"Mishipa inayotoka shingoni kwenda mkononi ilivutwa wakati wa kuzaliwa," alisema. "Mngeniita siku ya kwanza. Watoto wengi hupona wakionwa mapema. Mkono hulazwa vizuri bila kuvutwa. Baadaye daktari hukuonyesha jinsi ya kuuchezesha polepole kila siku, viungo visigande."

"Hautapona?" Mwanasiti aliuliza.

"Utapata nafuu. Kupona kabisa, siwezi kukuahidi." Akamgeukia Uweso. "Shemeji, mweleze daktari wa serikali habari hii."

"Nimeshamwia radhi mbele ya watu. Nikimshtaki, nitakuwa nimevunja Fatiha."

"Radhi ni yako na yeye. Lakini lile koleo bado liko kabatini."

"Hatalitumia tena. Ameona mwenyewe."

"Amekuahidi?"

Uweso alimchukua mtoto, akaingia naye ndani.

Dorkasi alikwenda kwa daktari peke yake. Daktari akamtuma mtu mtaani kuuliza. Mtaa mzima haukujua kitu. Mwanasiti naye aliulizwa, na mtoto amempakata. Akajibu, "Alizaliwa hivi."

Mwaka uliofuata, mdogo wake Mwanasiti, Asmahani, alihamia Mabawa, mtaa mwingine wa Tanga, na mumewe kutoka Moa. Alikuwa na mimba. Alimbeba Mboni, akaona ule mkono.

"Dada, mkono huu umepatwa na nini?"

Mwanasiti alikumbuka Fatiha. "Kudra ya Mungu," alisema. Neno hilo ni la kweli siku zote, na siku ile alilitumia kuficha.

Basi Asmahani aliposhikwa na uchungu, mumewe aliuliza nani anazalisha, akatajiwa Idarusi. Idarusi alikuja na koleo lake. Mwanasiti alipofika Mabawa, mambo yalikuwa yamekwisha. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia hata mara moja.

Asmahani alikuwa amelala, uso umeelekea ukutani. Kitoto kilikuwa kimefunikwa kando yake. Mwanasiti alikifunua. Shavuni palikuwa na alama nyeusi ya chuma, akaangua kilio.

Asmahani aligeuka, akamtazama dada yake. "Umeshawahi kuiona alama hii?"

Mwanasiti alimweleza yote, toka koleo mpaka arobaini, hata lile jibu alilompa mtu wa daktari. Asmahani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Radhi mliyotoa ni ya mwanenu," alisema. "Ya mwanangu, nani aliwatuma muitoe?"

Mwanasiti alikifunika kitoto, akatoka uani.

Baada ya matanga, Uweso na Mwanasiti walimfuata Dorkasi chumbani kwake.

"Twende kwa daktari," alisema Uweso. "Tumechelewa, lakini twende."

"Kuna jambo mlijue kwanza," alisema Dorkasi. "Mtoto anaweza kuumia hata mikononi mwa daktari hodari. Hilo peke yake si kosa la mtu. Kosa ni kufanya kazi usiyofundishwa, au kuijua na kuifanya kwa uzembe. Nyinyi semeni mliyoyaona tu. Nani aliitwa, alifanya nini, mtoto alitokaje. Msiongeze, msipunguze. Daktari atampima Mboni, na hakimu ataamua kama ana haki ya fidia."

"Watu watasema sisi waovu," alisema Mwanasiti.

"Watasema. Waache waseme."

Na kweli walisema. Wako walioacha kuwasalimu. Bi Mwamvua alikataa kwenda barazani kesi iliposikilizwa. Lakini Idarusi hakukana. Alisimama mbele ya hakimu, mabega yameshuka.

"Nilimwona daktari akitumia koleo," alisema. "Nikadhani nami nimejua. Yale ya mtoto wa kwanza yangenitosha kuwa funzo. Lakini walinisamehe, wala hakuna aliyenizuia."

Koleo lilichukuliwa, naye akakatazwa kuzalisha. Alitakiwa kulipa fidia ya matibabu ya Mboni. Asmahani naye alipewa fidia, nayo haikumrudishia kitu.

Dorkasi alimpeleka Mboni hospitali, akamfundisha Mwanasiti kuuchezesha mkono kama daktari alivyoagiza. Uliinuka kidogo kidogo, ukafika usawa wa bega, ukakomea hapo. Mboni alijifunza kula kwa mkono wa kushoto. Bi Mwamvua, ambaye zamani alimpiga kofi mtoto yeyote aliyekula kwa kushoto, alimtazama akila, akageuza uso.

Asmahani alipopata mimba nyingine, hakungoja kuambiwa. Alikwenda kliniki ya hospitali mapema, akapimwa mara kwa mara. Siku ya uchungu alikuwa tayari hospitalini. Mwanasiti alimsindikiza, akakaa nje kwenye benchi. Hawakuwa wakizungumza sana siku hizo, lakini Asmahani hakumkataza.

Saa zilipita. Dorkasi akatoka.

"Mama amechoka, na mapigo ya mtoto yanapungua. Daktari atatumia koleo."

Mwanasiti alisimama, akamshika mkono. "Dorkasi, msimwue."

"Nisikilize, mwenzangu. Njia imefunguka yote. Kichwa kimeshuka. Daktari amefundishwa kazi hii, na kama haikuwezekana kwa urahisi, havuti kwa nguvu. Ataacha, na chumba cha upasuaji kiko tayari. Koleo ni la aina ileile. Mikono siyo ile."

Mwanasiti aliketi, akasoma kila dua aliyoijua. Kabla hajazimaliza alisikia kilio cha mtoto.

Alipoingia, Asmahani alikuwa amempakata. Shavuni palikuwa na wekundu kidogo tu, ambao Dorkasi alisema utaondoka baada ya siku chache. Mtoto alirusha mikono yote miwili.

Mwanasiti alipiga magoti kando ya kitanda. "Asmahani, niwie radhi."

Asmahani alimpa mtoto amshike.

"Nimekuwia radhi, dada," alisema. "Lakini hatusomi Fatiha ya kufunga mdomo. Kila mwenye mimba utakayemwona, mwambie habari ya Mboni. Na ya wangu pia."

Mwanasiti alianza palepale, na mwanamke wa kitanda cha pili.