Mkuki wa Kashaija

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1935, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Bwana Pavel alipoagiza lubisi.

Stephania, mtumishi wake wa nyumbani, alikuwa amepiga magoti katika chumba cha silaha, akipaka samli upanga wa Kituruki. Alidhani hakusikia vizuri. Kwa miaka tisa aliyokaa Nyakakika, Mrusi huyo hakuwahi kuonja pombe ya ndizi. Harufu yake tu ilimfanya afunge madirisha. Utajiri wake ulitoka kwenye machimbo ya Kyerwa, naye aliugawa kama mtu anayekimbizwa: zahanati, blanketi wakati wa masika, karo za watoto kumi na mmoja. Alichojiwekea ni silaha za kale tu, zilizojaa kuta tatu, kila moja na kadi yake. Hakuzigusa bila glavu nyeupe, kwa kuwa jasho hula chuma.

Cassian, mpishi, alichungulia mlangoni akicheka. "Umesikia, mama? Mrusi amekuwa Mnyambo. Kesho atadai mke."

Stephania hakucheka. Sauti ya Bwana Pavel ilikuwa imeita tena kutoka barazani, safari hii kwa Kinyambo kisafi, lugha ya wenyeji.

"Kagufa! Mpaka nikufuate?"

Kagufa, yaani kifupa. Aliyewahi kumwita hivyo ni mtu mmoja, mumewe Kashaija, aliyemvunja mkono wa kushoto mara mbili kabla ya kufa kwa homa miaka miwili iliyopita.

Alimkuta Bwana Pavel amekunja mguu mmoja chini ya paja. Mikono yake haikuwa na glavu, na juu ya magoti yake ulilala mkuki wa Kashaija. Stephania mwenyewe ndiye aliyempa Jumapili, nje ya kanisa, kumshukuru kwa kuwa zahanati ya Bwana ilimponya binti yake, Natukunda, kichomi. Alipiga magoti, akautoa kwa mikono miwili, kama mwanamke wa Karagwe anavyompa kitu mtu anayemheshimu. Baraza zima lilinuka ngozi mbichi na tumbaku ya kiko, harufu ya Kashaija, na Bwana Pavel hakuwa mvutaji.

"Natukunda yuko wapi?"

"Shule, Bwana."

"Nilimwahidi Rwegasira wa Isingiro. Ng'ombe wake wa mahari nilishawala. Nani kampeleka shule?"

"Wewe, Bwana."

Alicheka mpaka mate yakamtoka. Kisha akamshika mkono wa kushoto, akabonyeza kwa kidole gumba pale pale mfupa ulipounga vibaya, polepole, akimtazama usoni. "Nimemtumia ujumbe. Jumamosi asubuhi anakuja kumchukua. Nani wa kunikatalia sasa? Nyakakika nzima inakula mkononi mwangu."

Ghafla yale macho ya buluu yakajaa machozi. "Mama Stephania," alinong'ona kwa Kiswahili chake kibovu, "mimi iko ndani. Yeye nakalia mimi. Saidia." Halafu macho yakakauka, na kidole kikaendelea kubonyeza.

Ijumaa asubuhi Stephania alikwenda Chonyonyo kwa mganga Kahigi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mlutheri! Umekuja mchana kweupe? Wenzako hupitia migombani." Lakini alipomaliza kusikia, hakuwa na mzaha tena. "Ulimpa kwa mikono miwili? Ulipiga magoti?"

"Nilikuwa namheshimu."

"Mkuki wa mwenye mji aliyekufa haukabidhiwi, mwanangu. Unaegeshwa mlangoni, mtu anajichukulia. Mjane akiutia mkononi mwa mwanamume, amemsimika mrithi. Umempa mumeo mwili, tena mwili wenye amri."

"Sikuamini tena mambo hayo."

"Yeye aliamini." Kahigi alikuna kidevu. "Mwombe akurudishie, mkono kwa mkono, umesimama. Mwanamke harithi mkuki. Marehemu akikufuata hatapata pa kukaa, ataondoka."

"Mwanamke hawezi kurithi, mzee, au haijajaribiwa?"

Kahigi aliinama, akachochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Saa kumi jioni Stephania alisimama barazani, magoti yakitaka kukunjika kwa mazoea ya miaka yote, akayakaza, akasema kwa sauti iliyotoka kama ya mgonjwa kwamba chuma kimekauka na anataka kukipaka samli, na yule aliyekaa ndani ya Bwana Pavel akamtazama kwa muda mrefu, akiangalia ile mikono ya mjane iliyochunga ng'ombe, iliyokata migomba na kuamua kesi za majirani katika mji usio na mwanamume tangu azikwe, huku ile harufu ya ngozi mbichi ikimzunguka Stephania, ikimpanda shingoni, ikimwingia puani, hata akashindwa kujua kama anainusa au inatoka kwake, akanyoosha kiganja.

"Nilidhani utachelewa kuomba," alisema yule, akampa.

Bwana Pavel alianguka sakafuni akilia kwa lugha ya kwao. Baraza halikunuka kitu. Kabla giza halijaingia alikuwa amemtuma Cassian mbio Isingiro kufuta ujumbe, na nyumba nzima ikamshukuru Mungu. Stephania alikuwa ameshaondoka na mkuki. Mkono wake wa kushoto, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, haukumuuma hata kidogo.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Rwegasira alifika nyumbani kwake, kofia mkononi.

"Mama Natukunda, nimekuja kuomba radhi tu. Bwana Pavel amesema mtoto asome, nami nimekubali. Ng'ombe nimewasamehe. Ngoja nirudi."

"Subiri," alisema Stephania.

Aliingia ndani. Natukunda alikuwa anapiga pasi sare ya shule. Alimwona mama yake mlangoni, akarudi nyuma hatua mbili, kama zamani kila baba yake alipoingia.

"Mama? Mbona unaniangalia hivyo?"

Stephania aliitupa sare motoni, akamshika binti yake nywele, akamburuta mpaka uani, akamsukuma miguuni pa Rwegasira.

"Mchukue," alisema, kwa sauti yake ile ile ya siku zote. "Akilia, mpige. Watoto wangu nawajua."