Cherehani Mikononi mwa Kaka

Duka la vifaa lilifurika watu, hata pumzi ilikuwa ya kugombania. Mshonaji, baibui lake limenatwa na nyuzi za kila rangi, aliweka mkono juu ya cherehani ya mwisho. Mkono wa mwanamume ukatua hapo hapo.

"Samahani dada, hii inanunuliwa na mfuko wetu wa kuwawezesha wanawake. Kuna mteja anaisubiri."

"Mteja mwenyewe ndiye mimi niliyewaandikia, bwana shati la pasi!"

Mwanamume huyo, afisa wa mfuko, akacheka mpaka watu wakageuka. Mfuko wao haukukopesha kwa riba: ulinunua kifaa, ukakimiliki, kisha ukamuuzia mwanamke kwa faida iliyotajwa wazi, alipe kidogo kidogo. Tangu siku hiyo simu kati yao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula uzi. Cherehani yangu lini?"

"Kesho, roho yangu."

Kesho ikafika, cherehani haikufika. Mshonaji aliikuta kwenye karakana ya kaka yake, ikishona vitambaa vya makochi.

"Nimeletewa mimi," kaka alisema, hata mguu hakuutoa kwenye pedali. "Wewe si utaolewa? Uende nayo kwa watu?"

Mshonaji akampigia afisa simu.

"Kamati ya mfuko inataka mwanamume wa kumpokelea mteja kifaa," afisa alijitetea. "Nikaona kaka yako..."

"Ukaona! Baba alipokufa, kaka alinipokelea cherehani ya mama, ikayeyuka. Akanipokelea kiwanja, kikauzwa. Leo wewe unayeniita roho yako umempelekea mpaka mlangoni! Bibi Khadija, mke wa Mtume, alifanya biashara yake kwa ruhusa ya kaka gani?"

Akakata. Hakupokea tena.

Adhuhuri moja mlango wa mshonaji ukasukumwa. Afisa aliingia na cherehani begani, shati limelowa jasho, kaka nyuma yake akifoka, "Hiyo yangu!"

"Sijamuuzia mtu bado. Mpaka mwenyewe aseme 'nimenunua', hii ni mali ya mfuko." Akaitua mezani, akamgeukia mshonaji. "Nisamehe. Na nataka kukuposa. Taja mahari."

"Sharti la kamati lipo?"

Afisa akatazama chini. "Lipo."

"Basi mahari yangu ni kuliondoa. Siku mwanamke wa kwanza atakapopokea kifaa chake mwenyewe, njoo na wazee wako."

"Si ndiye wewe huyo, mpenzi?"

"Mimi nimeletewa na anayenipenda. Asiye na wa kumpenda je?"

Akavuta kiti, akatunga uzi kwenye sindano.

"Nimenunua," alisema, kwa sauti ya kumfikia kaka. "Haya, nenda. Kamati yako inafunga ofisi saa ngapi?"