Usijilazimishe, Severin

Stendi ya Msamvu ilikuwa imefurika abiria asubuhi ile. Severin, mkulima wa nyanya kutoka Mlali, aliinama kunyanyua tenga, mgongo ukamkamata. Akabaki amejikunja, jasho linamtiririka.

"Kaka, usijilazimishe kunyooka," sauti ikasema. "Nishike bega. Pumua kwanza."

Alikuwa dada aliyevaa gauni la kitenge cha njano, nywele kazisuka twende kilioni. Aliitwa Winfrida, mwalimu wa yoga kule Kihonda. Alimketisha mpaka maumivu yakapungua, akamsihi amwone daktari. Akiruhusiwa, aje darasani.

Akaruhusiwa, akaenda. Winfrida alimwanzishia mkao wa mtoto: piga magoti, kalia visigino, inama taratibu mpaka paji la uso litue kwenye mkeka.

"Mwalimu, visigino sivifikii."

"Kunja blanketi, likalie. Kwani ni mashindano? Goti likiuma, acha."

"Nikiinama hivi naonekana kama naomba msamaha."

"Kwa kosa gani?"

"La kukuwaza wiki nzima."

Winfrida alicheka mpaka akasahau kuhesabu pumzi.

Wiki ya nne, Severin akataka kumfurahisha. Aliondoa blanketi, akajikandamiza kwa nguvu. Goti likalia ko!

"Severin! Nimesema nini? Toka kwenye mkeka!" Winfrida alifoka mbele ya darasa zima.

Alitoka anachechemea, aibu imemjaa. Simu ikaita mara nne, hakupokea. Ya tano akapokea.

"Unanifokea mbele za watu, halafu unanipigia?"

"Nisamehe, Seve. Mimi nilijilazimisha hivyohivyo, goti likachanika. Miezi minne mama alikuwa ananiogesha. Nilipokuona, niliogopa."

Tangu ujana Severin alisifiwa kwa mizigo aliyobeba; hakuna aliyewahi kuuogopea mwili wake.

"Asante, mpenzi," akasema. Neno lilimtoka lenyewe.

Jumapili baada ya misa, Winfrida alifika Mlali kumjulia hali. Ukungu ulikuwa umeshuka milimani. Alimwamkia mama mtu shikamoo, mama akaingia jikoni. Severin akasogeza kigoda.

"Winnie, nashukuru mgongo ulinikamata siku ile. Nataka kumtuma mshenga kwenu."

Winfrida aliinamisha uso, kisha akatabasamu.

"Mtume. Ila asichelewe, nisije nikakufuata mwenyewe."

Kabla Severin hajajibu, vigelegele vilipasuka jikoni. Mama akatoka mbio, mwiko mkononi, unga umemtapakaa mpaka kwenye nyusi.

"Ndiyo, nilikuwa nasikiliza!" akasema, akimkumbatia Winfrida. "Karibu, mwanangu. Asante kwa kunitunzia mtoto."