Mafundi na Marufuku ya Mitumba

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia barazani kwa mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Katika mtaa ule walikuwapo mafundi kumi na mmoja, wamepangana bega kwa bega, kila mmoja na cherehani chake na pasi yake ya mkaa. Chiriku alivua viatu, akaokota pini sakafuni kwa sumaku, kisha akakaa kushona vifungo huku akisimulia yote yaliyotokea darasani, na mengine ambayo hayakutokea.

Mafundi walikuwa wamemchagua mama yake kuwa mwenyekiti wao. Alikuwa mpole, lakini hakukubali kuharakishwa. Mteja akimhimiza akate kitambaa upesi upesi, alijibu, "Ngoja kwanza," akapima tena. Wenzake walimtania kwa maneno hayo, naye alicheka pamoja nao.

Siku moja ofisa biashara wa mji alifika barazani na habari. Baraza la mji lilikuwa linafikiria kupiga marufuku uuzaji wa mitumba sokoni, ili watu wavae nguo zinazoshonwa hapa hapa. Kabla ya kuamua, lilitaka kusikia kauli ya mafundi Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Mtaa mzima ulichangamka. Fundi Tai, mzee aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila tai shingoni, alisema sasa wateja watapanga foleni mpaka barabarani. Walimtaka mwenyekiti aandike barua ya kuunga mkono siku hiyo hiyo. Mama akawaomba wampe siku chache alitazame jambo lenyewe. Waliguna. Fundi Tai akamwambia bila kuficha kwamba akiwabania wenzake riziki, watatafuta mwenyekiti mwingine.

Chiriku hakuona cha kutazama. Kesho yake darasani alimgeukia Kifimbo, msichana mwembamba aliyeketi naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Mama yake Kifimbo aliuza mitumba sokoni.

"Mwambie mama yako aanze kufunga biashara," Chiriku alisema akicheka. "Zamu yake imekwisha. Sasa ni zamu yetu."

Baada ya mapumziko Kifimbo alichukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma.

Jioni Chiriku alimwuliza mama kwa nini anawachelewesha watu. Mama hakumkemea. Alimpa daftari na kalamu, akamtuma kazi ya siku tatu: kila alasiri apite kwenye vyerehani vyote kumi na moja, aandike kila nguo iliyofika siku hiyo na inafanyiwa nini. Chiriku alifurahi. Aliamini daftari lile lingemaliza ubishi, na kweli lilimaliza, ila si kama alivyodhani.

Siku ya kwanza aliandika magauni manne mapya na mashati saba mapya. Kisha zikafuata suruali za kupunguzwa kiuno, sketi za kukunjwa pindo, jaketi la kutiwa zipu. Zote zilikuwa mitumba. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Alipofika kwa Fundi Tai, alimkuta akibadilisha bitana ya ndani ya koti la mtumba. Mzee alikohoa, akalifunika koti kwa kitambaa kipya, lakini Chiriku alikuwa amekwisha kuandika.

Siku ya tatu mwashi mmoja alileta shati pana kama hema. Alisema ameelekezwa na mama mmoja wa mitumba kule sokoni, aliyemhakikishia kwamba likipita mikononi mwa mafundi hawa litamkaa kama aliyezaliwa nalo. Kwa maelezo yake, Chiriku alimtambua huyo mama. Alikuwa mama yake Kifimbo. Kalamu ikawa nzito mkononi.

Jioni hiyo mama na mwana walihesabu. Kwa siku tatu zilifika nguo tisini na nne. Sitini na moja zilikuwa mitumba ya kurekebishwa. Nguo mpya zilikuwa thelathini na tatu tu, na hata hizo mafundi walikuwa wanazimaliza kwa shida. Mama akamwuliza shule yao ina wanafunzi wangapi. Walikuwa mia sita. Je, mitumba ikiondoka ghafla, nani angewavisha hao, na wazazi wao, na mji mzima? Chiriku akalifunga daftari.

Kisha, machozi yakimlengalenga, akasimulia alichomwambia Kifimbo. Mama alimvuta karibu, akamfuta uso kwa upindo wa kanga.

"Hapo umepasua wewe, mwanangu," alimwambia taratibu. "Na wa kushona ni wewe."

Ijumaa ukumbi wa baraza la mji ulijaa mafundi upande mmoja na wauza mitumba upande wa pili. Mama alisoma hesabu za daftari, moja baada ya nyingine, hata koti la mtumba la siku ya pili, bila kutaja majina ya mafundi. Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja akauliza kama mwenyekiti amehongwa. Mama alisubiri mpaka kelele zikatulia.

"Ndugu zangu, kazi naitaka kama nyinyi," alisema. "Lakini tukiifunga mitumba kesho, tutalala njaa sisi kabla yao. Naomba tuanze na sare za shule peke yake. Zote zishonwe hapa kwa mwaka mmoja. Tukiziweza, tutasogea hatua nyingine. Zikitushinda, tutajua kabla hatujaumiza mtu."

Fundi Tai akasimama. Watu walidhani anataka kumwangusha. Alilegeza tai yake kidogo.

"Lile koti lililoandikwa siku ya pili liko kwangu," alisema. "Mwenyekiti kasema kweli."

Ukumbi ukaangua kicheko, na baraza likakubali shauri lile.

Kesho yake Chiriku alikwenda sokoni. Alimwomba radhi mama yake Kifimbo, kisha Kifimbo mwenyewe, bila maneno mengi. Kifimbo akamsogezea lundo la soksi zilizochanganyika. Wakakaa kuzipatanisha jozi kwa jozi mpaka adhuhuri. Jumatatu walikuwa dawati moja tena.

Mwaka uliofuata mafundi waliajiri vijana wanne, na hata hivyo sare ya mwisho ilipigwa pasi siku moja tu kabla ya shule kufunguliwa. Chiriku alimwuliza mama yake kama siku ile ukumbini aliogopa.

"Niliogopa sana," mama alijibu. "Lakini busara si woga, mwanangu. Mwoga haamui kitu. Mimi niliamua, ila nilitazama kwanza nani ataumia, nikaanza na kidogo ambacho tungeweza kukirekebisha. Anayeamua kwa niaba ya wengine lazima afanye hivyo. Gauni likikatwa vibaya, hasara ni kitambaa. Sheria ikikatwa vibaya, wanaobaki uchi ni watu."