Gari la Sebuleni

Haya sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho yangu mawili, tena moja lilikuwa linauma, kwa hiyo lililobaki lilitazama kwa bidii. Mimi ndiye niliyesukuma vitanda na viti vya magurudumu pale chumba cha majeruhi, na hakuna aliyenishinda kwa mbio.

Ni wakati wa corona, watu wamefungiwa ndani. Majeruhi wa pikipiki wakaisha kabisa. Tukawa tunataniana: lile jini la kona, linalokunywa damu barabarani, sasa linakunywa nini?

Asubuhi moja akaja mama, mkono umevunjika, mumewe kamshika bega. Daftari letu lina safu ya mahali pa ajali. Fundi plasta, kwa mazoea ya miaka ishirini, akaandika "barabarani".

"Fundi, barabarani wapi, na hata baiskeli haipiti?" nikamnong'oneza.

"Sukuma vitanda wewe. Mwenye mke kalalamika?"

Hakulalamika. Alitabasamu.

Wiki ya pili mama akarudi, safari hii mbavu. Harufu ya tairi lililoungua ilimtangulia mlangoni. Mume akazuiwa nje, masharti ya corona. Muuguzi mkuu akavuta pazia, nami nikabaki ndani na kiti changu.

"Amekupiga tena, mdogo wangu?"

"Zamani alinipiga yeye, dada. Sasa hainui hata mkono. Anakaa kwenye kochi, analiita, linakuja."

"Linakuja nini?"

"Gari la hiyo barabara mliyoiandika."

Muuguzi akampandisha blauzi taratibu, na pale mgongoni, kuanzia bega la kushoto, ikipita juu ya uti wa mgongo na kushuka hadi kiunoni, tukaona alama ya tairi, nyeusi, meno yake yamejichora moja moja, na vumbi la lami bado linadondoka kwenye shuka.

"Msinirudishe kule," akasema.

Muuguzi akalitwaa daftari, akakata "barabarani", akaandika "nyumbani, na mumewe". Nje breki zikalia kwenye lami tupu, kisha kimya. Harufu ikakatika. Mama akalazwa, mume akaondoka peke yake.

Yote kweli tupu. Ila kuanzia hapo pa kukata neno nimetunga mimi. Daftari lilikuwa limejaa, limeshafungiwa stoo. Mama nilimsukuma mwenyewe hadi getini, polepole kuliko nilivyowahi kumsukuma mtu, na mumewe akampokea.